Kipimapombe changu kilimwita Ami mlevi

Najua nimepotea kitambo, na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa na jambo linanikera rohoni nikawa sijui nilianzie wapi. Leo nimeamua kulisimulia lote, kwanza kwa sababu mwenye jambo mwenyewe ameniagiza nilisimulie, na pili kwa sababu nadhani linamhusu kila anayeandika programu inayotoa hukumu juu ya binadamu mwenzake.

Kwa ufupi ni hivi: nilitengeneza kifaa cha kupima pombe katika pumzi. Kifaa hicho kikasema kwamba mzee mmoja ambaye hajaonja pombe maishani mwake amelewa. Kikasema mara mbili. Kosa halikuwa la mzee wala la karani aliyempima. Lilikuwa langu mimi.

Haya, tuanze mwanzo.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Nilisomea sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na kazi yangu ya kila siku ni programu. Nyaya na vyuma ni mapenzi ya pembeni tu. Mwaka 2024 viongozi wa sako moja ya matatu zinazokwenda Mombasa waliniita (jina la sako nalihifadhi). Mwenyekiti, mzee wa kanisa mpole sana, akaniambia: "Kijana wetu, sisi hatutaki kumfunga mtu. Tunataka kujua tu, kabla dereva hajapewa ufunguo."

Anayeijua barabara ile ataelewa wasiwasi wake. Ni kama kilomita 120 kutoka Malindi hadi Mombasa, unapita Gede, unavuka daraja la Kilifi, Vipingo, Mtwapa, na gari la kwanza linaondoka kabla hakujapambazuka. Na huku kwetu pombe haiko mbali. Mnazi unagemwa asubuhi na jioni. Ukiteremshwa mtini ni mtamu kama soda, ukikaa saa chache hamira ya hewani inafanya kazi yake na unakuwa kitu kingine kabisa. Mtwapa nayo hailali.

Tatizo kubwa si dereva anayeyumba. Huyo hata mtoto anamwona. Tatizo ni yule aliyelala saa nne, akaoga, akanywa chai, akaamini yuko sawa. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa pombe taratibu, kama miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, na kahawa wala maji baridi hayaharakishi. Piga hesabu: aliyefika miligramu 160 saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri bado ana kama 85. Kikomo kilichowekwa katika kanuni za Kenya za mwaka 2011 kilikuwa 80. Kwa hiyo jamaa amevaa shati safi, ana ufunguo mkononi, abiria kumi na wanne nyuma yake, na bado amepita kikomo.

Wengi mnaikumbuka Alcoblow. Kanuni ni za mwaka 2011, lakini vifaa vyenyewe viliingia barabarani kwa kishindo Desemba 2013. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo, na nakumbuka barazani kwetu hakuna aliyeuliza kinapimaje. Swali la kwanza lilikuwa: nani amepuliza kabla yangu? Watu waliogopa kifua kikuu na mate ya wengine kuliko walivyoogopa faini. Kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zile haziwezi kutumika kumshtaki dereva kwa jinsi zilivyokuwa zikitumika, kwa kuwa Sheria ya Trafiki yenyewe inataka ithibitishwe kwamba ulevi umemfanya ashindwe kuliongoza gari ipasavyo. Mashine inapima pombe. Haipimi kama unaweza kuendesha. Naomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa, pumzi inajuaje yaliyomo kwenye damu? Damu ikipita mapafuni inazunguka vifuko vidogo vidogo vya hewa. Pombe ni kimiminika kinachopenda kuruka, basi sehemu yake ndogo inahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye hewa ya vifuko vile, kwa uwiano unaokaribia kuwa thabiti maadamu joto halibadiliki. Kanuni hii ya fizikia ilielezwa na Mwingereza William Henry mwaka 1803. Pumzi inatoka mdomoni ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi, na Waingereza wanakadiria kwamba pombe iliyo katika mililita moja ya damu ni sawa na iliyo katika mililita 2,300 za pumzi. Wamarekani wanatumia 2,100. Kikomo cha pumzi katika kanuni zetu kilikuwa mikrogramu 35 kwa mililita 100. Zidisha 35 kwa 2,300 utapata mikrogramu 80,500, yaani miligramu 80 na nusu. Ndiyo ile 80 ya damu! Kumbe namba hizi mbili ni ndugu.

Kupima kwenyewe kuna historia ndefu. Miaka ya 1930 Mmarekani Rolla Harger alikuwa anawapulizisha watu puto. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo la Indiana, akaunda kifaa kilichotumia dawa ya rangi inayobadilika ikikutana na pombe. Miaka ya 1970 mwanakemia Tom Parry Jones wa Wales akaleta kipimo cha umeme cha kushika mkononi chenye seli ya fueli. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha, Lion Laboratories, ndiyo hiyo hiyo yenye jina la Alcoblow.

Mimi sikuanza na seli ya fueli. Nilianza na kilichopatikana kwa bei ya chini: kihisi kinachoitwa MQ-3, ambacho kila aliyewahi kuchezea Arduino anakijua. Ndani kina oksidi ya bati inayopashwa moto na hita ndogo. Mvuke wa pombe ukiigusa, ukinzani wake wa umeme unashuka, na wewe unasoma mabadiliko hayo kama namba. Rahisi kabisa. Karatasi ya maelezo ya kihisi hiki inasema vipimo vyake vilifanywa kwenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Jamani, nyuzi 20 hapa Malindi utaipata wapi? Ndani ya friji labda! Kihisi hiki kinabadilika kwa joto, kinabadilika kwa unyevu, na hakichagui sana: mvuke wa petroli au wa gesi ya kupikia nao unakitikisa. Niliweka kipima joto na unyevu pembeni, nikaandika mistari michache ya kurekebisha, nikajipongeza.

Sehemu ya kupulizia ilikuwa bomba moja fupi la plastiki, la watu wote. Na programu yangu ilifanya hivi: mtu akianza kupuliza, soma kihisi kwa sekunde tano, chukua namba kubwa kuliko zote, ilinganishe na kikomo, kisha onyesha neno moja kwenye skrini. SAWA au AMELEWA. Neno, namba na saa vinahifadhiwa kwenye kadi. Basi.

Wiki ya kwanza madereva walilalamika kuhusu lile bomba, na walikuwa na haki. Dereva mmoja aliniambia waziwazi: "Bro, mimi pombe sinywi, lakini mate ya huyu pia sinywi." Karani wa sako akatoa wazo la chupa ya spiriti na pamba: kila akimaliza mtu, bomba linapanguswa. Akaniuliza kwa simu kama ni sawa. Nikamwambia sawa, tena vizuri sana, usafi ni muhimu. Nilikuwa katikati ya kazi nyingine. Sikufikiri hata sekunde tatu.

Ndugu msomaji, wewe pengine umeshaona. Mimi sikuona.

Sasa nimlete Ami. Si ndugu wa baba yangu kwa damu, ni jirani, lakini nimemwita Ami tangu nijue kusema. Amenipeleka shule mara nyingi tu kwa gari bila kunitoza nauli. Ni dereva wa miaka mingi, mtu wa swala tano, na kwenye mtaa wetu ukitaka mfano wa mtu asiyegusa kitu kile utamtaja yeye. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka msikitini moja kwa moja kuja steji. Walikuwa wamepimwa wawili kabla yake, wakapita, kwa sababu walipoteza muda wakitaniana na bomba likakauka. Ilipofika zamu ya Ami abiria walikuwa wameshakaa. Karani, kwa heshima ya mzee, akalipangusa bomba mara mbili, kwa pamba iliyolowa vizuri, akampa hapo hapo.

AMELEWA.

Watu wakacheka, wakadhani mashine imeharibika. Karani akaona haya, akasema turudie. Akalipangusa tena, safari hii vizuri zaidi, maana pengine ni uchafu wa aliyetangulia. Ami akapuliza.

AMELEWA.

Hapo kicheko kikakatika. Mara moja unaweza kusema ni bahati mbaya. Mara mbili watu wanaanza kutazamana. Sheria ya sako ilikuwa imeandikwa na kutiwa saini na wote: mara mbili, hakuna gari mpaka kamati ikae. Nilisimuliwa kwamba Ami hakubishana. Aliweka ufunguo mezani, akasema tu, "Hii mashine ya mwanangu imeniona wapi?" akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Kamati ilikuwa ikae Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku nne bila gari ni siku nne bila kipato, na hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa maneno. Jumanne jioni mtu alimuuliza kijana wake dukani kama ni kweli mzee siku hizi anapiga maji kwa siri. Jumatano Ami hakuonekana barazani baada ya Isha.

Mimi nilipigiwa simu nikiwa Kilifi. Jambo la kwanza nililofanya, na naliandika hapa kwa aibu, ni kujiuliza kama Ami anakunywa. Mashine yangu niliiamini kuliko mtu niliyemjua miaka ishirini na zaidi. Jambo la pili ni kufungua kumbukumbu kwenye kadi. Nikakuta saa, namba mbili zilizo juu sana ya kikomo, na lile neno. Basi, hakuna kingine. Sikuwa nimehifadhi mwendo wa pumzi yenyewe, zile namba zote za sekunde tano. Nilikuwa nimezitupa zote nikabakiza kilele. Kama Ami angekuwa mahakamani nami nikiwa shahidi wake, nisingekuwa na cha kusema.

Usiku ule nikakaa na kifaa cha akiba, chupa ya spiriti ya dukani na pamba. Mimi mwenyewe sikuwa nimekunywa chochote ila chai. Nikapuliza bila kupangusa: SAWA. Nikapangusa nikapuliza papo hapo: AMELEWA. Nikapangusa nikangoja dakika mbili: AMELEWA. Nikangoja dakika kumi, bomba likiwa limekauka kabisa: SAWA. Nikajaribu bila kupangusa, ila nikapaka kitakasa mikono na kukishika kifaa mikono ikiwa bado mibichi: AMELEWA. Nikakaa kimya pale mezani. Spiriti ni pombe. Kitakasa mikono ni pombe. Nilikuwa nimeunda kifaa cha kunusa pombe, halafu nikaruhusu kisafishwe kwa pombe, tena kadiri unavyomheshimu mtu na kumsafishia zaidi, ndivyo unavyomlewesha zaidi. Na kurudia kipimo hakukusaidia chochote, kwa sababu tulirudia na kosa lenyewe.

Safari hii nilihifadhi namba zote nikachora grafu. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekitupa. Pombe inayotoka mapafuni huja taratibu: mwanzoni mtu anatoa hewa ya mdomoni na kooni ambayo haina kitu, kisha namba inapanda, kisha inalala tambarare pumzi ya ndani kabisa inapofika. Mvuke wa spiriti kwenye bomba hufanya kinyume: unaruka juu mara moja tangu nusu sekunde ya kwanza, kisha unashuka, kwa sababu pumzi safi ya mtu inaufukuza. Kilima na mlima wa mwamba! Mtoto angeweza kuvitofautisha kwa macho. Programu yangu ilikuwa inaangalia urefu wa kilele peke yake.

Ijumaa nilienda kwenye kamati. Sikutaka kueleza kwa maneno. Nilimwomba mwenyekiti, yule mzee wa kanisa ambaye hata divai ya sherehe hagusi, apulize. SAWA. Nikalipangusa bomba kwa spiriti mbele ya wote, nikampa tena. AMELEWA. Chumba kizima kilicheka, mwenyekiti naye akacheka mpaka machozi, halafu akaacha ghafla. Nadhani alikuwa amekumbuka Ami. Dakika tano baadaye Ami alikuwa amerudishiwa gari na kulipwa siku zake nne. Kifaa kikawekwa kabatini mpaka nitakapoleta kingine.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba usafi na ukweli wa kipimo ni pande mbili za kamba moja. Ukivuta huku, kule kunalegea. Hebu tazama njia zilizopo. Unaweza kumwambia mtu apulize kwa mbali kuelekea kwenye faneli, asiguse kitu. Ni safi, ni haraka, inafaa kwa kuchuja watu wengi, lakini pumzi inachanganyika na hewa ya nje, na kwa upepo wetu wa kusi namba unayopata si ya kumwekea mtu hukumu. Unaweza kusafisha kwa spiriti, hiyo tumeshaona. Unaweza kusafisha kwa sabuni na maji. Lakini matone yakibaki ndani ya bomba, pombe ya pumzi inayeyuka ndani ya maji, na mlevi wa kweli anapimwa chini ya alivyo. Au unaweza kumpa kila mtu mrija wake mpya uliofungwa kwenye pakiti, ukautupa baadaye. Hii ndiyo njia ya kipimo kizuri, ila ina gharama na ina taka. Sisi tuliopigwa marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, tunaookota vizibo kwenye fukwe za Watamu wanakotagia kasa, hatuwezi kujifanya hatuoni taka.

Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia. Nilikwenda kwa mzee mmoja mgema kuomba ushauri wa watu wa kujitolea kupimwa. Nilipomweleza tatizo la bomba moja alinishangaa. "Hata sisi mnazini, kila mtu na mrija wake. Nyinyi wasomi mnachangia?"

Basi nikaandika upya kila kitu. Kifaa cha pili kiko hivi.

Kila dereva ana mrija wake, wenye jina lake, anaouosha nyumbani kwa sabuni na kuukausha. Mgeni au dereva wa muda anapewa mpya, na pakiti anaifungua mwenyewe kwa mkono wake. Ndani ya mrija mna vali ya njia moja: hewa inakwenda, hairudi, kwa hiyo huwezi kuvuta pumzi ya aliyetangulia. Mrija umepinda kidogo ili mate yabaki kwenye kona yasifike kwenye kihisi. Spiriti na vitakasa mikono vimepigwa marufuku kwenye meza hiyo; mikono inaoshwa kwa sabuni na maji.

Kihisi sasa ni seli ya fueli. Pombe ikigusa platinamu iliyomo inageuka kuwa asidi ya siki, ile ile inayoufanya mnazi uliolala kuwa mchungu, na katika kugeuka huko inatoa umeme kidogo. Umeme huo ndio kipimo. Haidanganywi na unyevu kama oksidi ya bati, na petroli haiijali. Lakini aina nyingine za pombe, kama ile iliyomo kwenye baadhi ya vitakasa mikono, bado inaziona. Kwa hiyo kihisi bora hakiondoi haja ya adabu ya kupima.

Kabla ya kila mtu, kifaa kinavuta hewa tupu kupitia mrija wenyewe. Kikisoma chochote zaidi ya sifuri, kinakataa kuendelea. Mtu akipuliza, kihisi cha mkondo wa hewa kinahakikisha ametoa zaidi ya lita moja bila kukatiza, na programu inatazama umbo la grafu, si kilele. Ikianza kwa kuruka na kushuka, jibu ni PIMA TENA baada ya dakika 15, muda unaotosha pombe iliyobaki mdomoni, iwe ya dawa ya kusukutulia au ya kikombe cha mwisho, kuondoka. Ili mtu asimamishwe lazima vipimo viwili vikubaliane, na kila kimoja kitanguliwe na sifuri yake. Grafu zote zinahifadhiwa, na dereva ana haki ya kupewa yake.

Kusawazisha kifaa nako kuna njia yake. Chukua chupa ya kioo yenye maji na pombe safi ya maabara, gramu 0.9 kwa lita, iweke kwenye maji yenye joto la nyuzi 34 kamili, pitisha hewa ndani yake. Hewa inayotoka inabeba pombe sawasawa na pumzi ya mtu aliye kwenye 35. Joto likikosea nyuzi moja, kipimo kinakosea kama asilimia 6 au 7. Nafanya hivyo kila mwezi, maana hewa ya chumvi ya huku haina huruma na kifaa chochote.

Jumapili moja madereva waliokuwa mapumzikoni walijitolea kunywa mnazi ili niwapime. Hiyo ndiyo siku pekee niliyokosa upungufu wa watu wa kujitolea! Aliyepuliza mara tu baada ya kumeza alionyesha mruko mkali, na kifaa kikasema PIMA TENA. Baada ya robo saa grafu ikatulia. Nilifurahi kama mtoto.

Badiliko la mwisho ni dogo kwa mistari ya programu lakini ndilo ninalojali zaidi. Nimelifuta neno AMELEWA. Skrini sasa inasema CHINI YA KIKOMO, JUU YA KIKOMO au PIMA TENA. Kile walichokisema majaji mwaka 2017 mimi nilikielewa nikiwa nimeshachelewa: mashine inajua mikrogramu, ulevi haiujui. Neno lile nililiandika mimi, usiku mmoja, kwa sababu lilikuwa fupi na lilitosha kwenye skrini.

Nilikwenda kwa Ami jioni ya Ijumaa ile ile. Nilimkuta uani, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu, spiriti, kilele, grafu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, mimi radhi nimekupa. Lakini kuniambia mimi si kazi, mimi nilikuwa najua kuwa sijanywa. Kawaambie wale waliosikia."

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilisimama steji, mbele ya madereva, makanga na abiria waliokuwa wanasinzia, nikasema mashine ilikuwa yangu, kosa lilikuwa langu, na mzee huyu hakuwa amekunywa. Baada ya swala ya Isha nikasema tena barazani. Kijana wa pale dukani nikamwambia peke yake. Na leo nawaambia nyinyi, maana Ami alisema, "Hata huko kwenye intaneti yako waambie, wasije wakafanya hivyo kwa mzee wa mtu mwingine."

Kifaa cha pili sasa kiko mezani pale steji. Ami ndiye anayepuliza wa kwanza kila asubuhi, kwa kupenda kwake. Mrija wake anautoa mfuko wa kanzu, umefungwa kwenye leso. Kabla ya kuuweka mdomoni huunusa kwanza, akamtazama karani, ndipo akapuliza.

Kwa leo naishia hapa. Kama kuna fundi anayejua kutengeneza mrija wenye vali kwa kitu kisicho plastiki na kisichonyonya unyevu, tafadhali aniandikie. Nimejaribu mwanzi, unanyonya. Tukijaaliwa tutaonana tena.